Mkia wa ndoano, macho ya makengeza: paka wa Bangkok na maswali matatu

Swali: Shikamoo daktari. Mimi kwetu Arusha, lakini huu ni mwaka wa pili naishi Bangkok na mume wangu, anafanya biashara ya vito. Jirani yetu, mama mtu mzima, ametuzawadia paka dume wa miezi 7. Mwili wake una rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, ila uso, masikio, miguu na mkia ni kahawia nzito, kama aliyeingia jikoni akapakaa masizi. Macho ni ya buluu, tena yana makengeza. Mkia mwishoni umekunjika kama ndoano. Mitaani huku naona wengi wa namna hiyo, na wengine wana kibutu tu. Nilimtumia dada yangu picha akanijia juu: paka huyo kabanwa na mlango, na macho yanawaka mekundu, mrudishe kwa wenyewe. Mama mmoja Mwingereza naye kaniambia paka wenye mikia mibovu huishia kupooza. Je, amevunjika? Naweza kumnyoosha wakati bado mdogo? Na mwakani tukirudi Arusha, ataiweza baridi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linaloweza kumdhuru kabla hujafika mwisho wa barua hii: usimnyooshe mkia. Usiuvute, usiukande, usiufunge kijiti. Nilipokuwa kijana kazini Tanga, niliwahi kuletewa paka ambaye watoto wa nyumba, kwa huruma kabisa, walimfunga mkia uliopinda kwenye kijiti cha mnazi kwa uzi wa kushonea. Siku ya nne ncha ilikuwa baridi na nyeusi. Damu ilikuwa imekatika. Ilinibidi niondoe karibu nusu ya mkia ambao haukuwa na ugonjwa wowote. Watoto walilia kuliko paka. Tangu siku hiyo swali la kunyoosha mkia nalijibu kwanza, mengine baadaye.

Sasa tumpime hapo hapo alipo. Msubiri ashibe, alale mapajani mwako akikoroma. Shika mkia kwenye shina kwa kidole gumba na cha shahada, uteremke taratibu mpaka ncha, pingili moja baada ya nyingine. Utazihisi kama shanga chini ya ngozi. Ukifika kwenye kundo, yaani pale mkia unapokunjika, utakuta kitu kigumu, mfano wa kokwa ya ukwaju. Hakina joto, hakijavimba, hakitikisiki. Mtazame paka wakati huo: kama anaendelea kukoroma na hageuki kukuangalia mkono, hapo hapana maumivu. Kisha mweke chini umpe chakula. Paka anayefurahi huinua mkia wote kutoka kwenye shina, na ndoano yako ikae juu kama kishikio cha mwavuli. Akifanya hivyo, neva zake zinafanya kazi, na kundo hilo alizaliwa nalo.

Mkia uliobanwa na mlango ni habari nyingine kabisa. Huo huanza siku moja na mwenye paka huikumbuka siku hiyo. Mkia hulegea kuanzia pale ulipoumia, hauinuki, paka hulia ukiugusa. Ukiwa umevutwa kwa nguvu karibu na shina, neva zinazoongoza kibofu na haja kubwa zinaweza kuchanika pamoja nao, na utaona mkojo unadondoka bila yeye kujua. Hiyo ni ya kukimbiza kwa daktari siku hiyo hiyo. Kwa ulivyoandika, sioni hata dalili moja ya hizo, na kuona kwako paka wengine wengi mitaani wenye mikia kama yake kunanithibitishia. Hakuna mlango unaobana mikia ya paka wa mji mzima.

Basi umetoka wapi mkia huo?

Mkia wa paka wa kawaida una pingili yapata 20. Akiwa bado tumboni, pingili za uti wa mgongo hazitokei zote kwa pamoja. Zinatungwa moja moja kutoka shingoni kwenda mkiani, kwa mpigo, kama mtu anayetunga shanga huku anahesabu kimoyomoyo. Ndani ya chembe za kile kijusi kuna jeni, yaani vipande vya maandishi ya urithi, zinazowaka na kuzimika kwa zamu, na kila zamu inapokamilika pingili moja inakatwa kutoka kwenye utepe. Mpigo ukiyumba mwishoni, shanga mbili hugandana, au moja hutoka nusu, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Hiyo iliyotoka kama kabari ndiyo inayoukunja mkia. Ikiwa mpigo umekatika mapema, mkia unaishia njiani na unapata kibutu.

Mwaka 2016 watafiti waliosoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi, ya paka wa mkia mfupi wa Asia walitangaza kwamba wamekuta herufi moja iliyobadilika katika jeni iitwayo HES7, ambayo ni mojawapo ya zile zinazopiga huo mpigo. Paka wa kibutu wa Japani ndio wanaojulikana zaidi kwa badiliko hilo. Sikwambii kwamba kila kundo unaloliona Bangkok limetokana na herufi hiyo moja. Ninachokwambia ni kwamba kundo liliandikwa ndani yake kabla hajazaliwa, na kwamba halifanani kwa ndugu wawili. Hata kwa paka wale wa Japani, waliochaguliwa na kuzalishwa kwa vizazi vingi, kila mmoja ana pindo lake, kama alama za vidole vyako na vya mumeo.

Na si jambo la jana. Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1868 juu ya mabadiliko ya wanyama na mimea inayofugwa, aliandika kwamba katika eneo kubwa mno, visiwa vya Malaya, Siam (ndiyo Thailand ya leo), Pegu na Burma (ndiyo Myanmar ya leo), paka wote wana mikia mifupi, nusu ya kawaida, na mara nyingi ina kifundo mwishoni. Darwin hakufika Siam, alitegemea taarifa za waliofika, na hilo neno “wote” lilizidi kipimo. Nawe ukitazama utaona wenye mikia mirefu iliyonyooka. Ila picha yenyewe ni ya kweli. Mambo unayoyaona ukienda sokoni asubuhi yalikuwa hivyo hivyo zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Sababu ya kuenea kiasi hicho, kwa maoni yangu, ni bahari. Paka wa nyumbani si mwenyeji wa huko. Ukoo wake ni wa paka pori wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, na huko mashariki alifika akisafiri na watu. Yeyote aliyekulia Pemba au Lamu hahitaji kuelezwa kwa nini jahazi linabeba paka: panya wanakula nafaka, wanakula kamba, wanakula tanga. Sasa chukua bandari iliyopokea paka wachache tu wa mwanzo. Mmoja wao akiwa na mkia wa kundo, na kundo halimzuii kukamata panya wala kupata jike, watoto wake watajaza mtaa, kwa sababu hakuna wengi wengine wa kuwafunika. Ndivyo kitu adimu kinavyogeuka kuwa cha kawaida bila mtu yeyote kukichagua.

Mfano mzuri kuliko yote uko Nagasaki, Japani. Mji huo unajulikana nchi nzima kwa wingi wa paka wenye mikia iliyopinda, kupita miji mingine ya Japani. Kuanzia mwaka 1641 mpaka miaka ya 1850, Waholanzi ndio Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani, wakiwa wamewekwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima ndani ya bandari hiyo hiyo ya Nagasaki. Meli zao zilitokea Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Meli zilikuwa na paka, na paka wa Batavia walikuwa hao hao wa visiwa vya Malaya aliowataja Darwin. Maelezo yanayokubalika Nagasaki ni kwamba mikia ile ilishuka gatini pamoja na mizigo ya sukari na vitambaa. Nami nayaamini, kwa sababu nimeona pwani yetu jinsi bahari inavyochukua kitu huku na kukiacha kule. Wajapani wenyewe wanasema mkia wa ndoano huvuta bahati. Kwa upande mwingine walikuwa na simulizi za paka mzee mwenye mkia mrefu uliopasuka sehemu mbili, anayegeuka kuwa zimwi, na wapo wanaosema hofu hiyo iliwafanya watu wapende zaidi kufuga wa kibutu.

Huko uliko muulize mama jirani, nina hakika anaijua hadithi ya binti mfalme aliyekwenda kuoga mtoni akazivisha pete zake kwenye mkia wa paka, na paka akaukunja zisidondoke. Hadithi ya pete inawafaa nyie watu wa vito. Tena katika hati za kale za Siam za mashairi ya paka, paka wa rangi kama ya huyo wako, ambaye dunia inamwita paka wa Siam, anaitwa Wichienmaat, jina ambalo hutafsiriwa almasi ya mwezi.

Nije kwa huyo mama wa Kiingereza. Hajakosea, ila anamzungumzia paka mwingine. Katika Bahari ya Ireland kuna Kisiwa cha Man, na paka wa huko, Manx, ni maarufu kwa kukosa mkia kabisa. Chanzo chake si hiyo jeni ya mpigo, ni jeni nyingine iitwayo T, inayoshika ujenzi wa mwisho wa uti wa mgongo wenyewe. Hapo kosa halikomei mkiani. Kijusi kinachorithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama hufa tumboni. Miongoni mwa wanaozaliwa, wapo ambao uti wa mgongo haukufunga vizuri: hutembea kwa kuruka kama sungura, hawazuii mkojo, choo kinawasumbua maisha yao yote. Nimewaona kwenye masomo na sikuwasahau. Kwa hiyo onyo lake ni la haki kwa Manx. Paka wa kibutu wa Japani na jamaa zake wa Asia hawana mkosi huo. Mchunguze wako anavyoruka kupanda kabatini. Kama miguu ya nyuma inapokezana vizuri akitembea na sanduku lake la mchanga analitumia inavyopasa, hana deni la mgongo.

Niongeze neno moja hapa maana linanikera kwa dhati. Watu wanaotishwa na kundo lisilouma ndio hao hao wanaolipa fedha nyingi kununua paka wa masikio yaliyokunjika, yule aliyeanzia shambani Scotland mwaka 1961. Masikio yale yanakunjika kwa sababu gegedu, ule mfupa laini, ni bovu, na gegedu bovu liko pia kwenye viungo vya miguu na mkia, na linauma. Sura ikitushangaza tuulize kwanza kama mnyama anaumia. Kwa wako jibu ni hapana. Kwa yule wa masikio jibu ni ndiyo, ingawa picha zake zinapendeza.

Sasa rangi, maana hapo ndipo penye jibu la Arusha.

Hayo masizi ya usoni ni ramani ya joto. Paka wako ana kimeng'enya cha kutengeneza rangi, tirosinasi, chenye hitilafu ndogo: kinafanya kazi penye ubaridi na kinashindwa penye joto. Joto la ndani la paka ni kama nyuzi 38 hadi 39. Kifuani na tumboni ngozi ina joto karibu na hilo, rangi haitengenezwi, manyoya yanatoka meupe. Masikio, pua, nyayo na mkia ni ncha, zinapoa, kimeng'enya kinaamka, manyoya yanatoka kahawia. Ndiyo maana watoto wa paka hawa huzaliwa weupe wote: tumboni mwa mama hamna pembe yenye baridi. Baada ya siku kadhaa masikio yanaanza kukolea, kisha pua. Mama jirani ameshaliona hilo mara nyingi.

Mwaka 1930 watafiti wawili wa Urusi, Iljin na Iljin, walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili. Walinyoa sehemu ya mwili wa paka wa Siam na kuiacha ipate baridi, na manyoya mapya yakatoka meusi pale palipokuwa peupe. Wewe pia unaweza kuliona bila kukusudia. Akinyolewa kiunoni kwa ajili ya matibabu, kiraka kitaota cheusi. Usidhani daktari kamchoma dawa. Ngozi ilikaa wazi, ikapoa, basi. Manyoya yakija kubadilika tena rangi itarudi.

Kwa hiyo Arusha ataiweza, ondoa shaka. Paka wa Siam wamekuwa wakiishi Uingereza tangu karne ya 19, na walionyeshwa kwenye maonyesho ya paka ya Crystal Palace, London, mwaka 1871. Ila atabadilika. Bangkok ni joto usiku na mchana. Kwenye baridi ya Juni na Julai chini ya Meru, kila unyoya mpya utakaoota utaota ukiwa umekolea kidogo zaidi. Mgongo utakuwa kahawia hafifu, na masizi ya miguuni yatapanda. Umri nao utasaidia, kwa kuwa hawa hukolea kadiri wanavyokua. Hilo ni la kudumu kwa sehemu kubwa, na si ugonjwa. Mpe mahali pakavu pa kulala mbali na sakafu ya saruji, akizoea atajichagulia mwenyewe, na huenda mahali hapo pakawa juu ya shuka zako.

Macho. Buluu na makengeza vinatoka kwenye upungufu ule ule wa rangi. Wakati jicho linajengwa, rangi iliyo nyuma yake ni kama alama za barabarani kwa nyuzi za neva zinazokwenda kwenye ubongo: hizi zivuke upande wa pili, hizi zibaki. Rangi ikipungua, nyuzi nyingi kupita kiasi huvuka. Ubongo unapokea picha zisizokaa sawasawa, na paka wengine huvuta macho ndani ili mambo yakae vizuri. Wengine macho yao hutikisika kidogo, huku na huku. Anaona, anacheza, panya hamponyoki kirahisi. Kupima umbali ndiko kunakomsumbua kidogo, ukiona amekosea kidogo ukingo wa meza usimcheke wala usishtuke. Hakuna dawa na haihitajiki. Kinachohitaji daktari ni makengeza yaliyoanza ghafla kwa paka ambaye jana macho yake yalikuwa sawa.

Wafugaji wa Ulaya walipowapokea paka hawa waliyahesabu makengeza na kundo kuwa kasoro, na kwa miaka mingi wakawa hawazalishi wenye alama hizo. Walifaulu. Paka wa Siam wa maonyesho leo ana mkia kama fimbo na macho yaliyonyooka, na njiani wakamnyoosha uso pia mpaka ukawa kama kabari. Mimi nampenda zaidi huyo wako wa mtaani mwenye mashavu.

Kuhusu macho kuwaka mekundu kwenye picha, mwambie dada yako hivi, kwa upole, maana naye ameongea kwa kumjali. Jicho la paka wetu wa kawaida likipigwa mwanga hurudisha kijani au manjano. La paka huyu, kwa kuwa nyuma yake hakuna rangi ya kuficha mishipa ya damu, hurudisha wekundu wa damu yenyewe. Ni sawa na unapoweka kiganja juu ya tochi gizani ukaona vidole vimekuwa vyekundu. Hakuna jini wala uchawi ndani yake. Mwambie azime taa ya kamera apige tena.

Safari yenu bado mwaka mzima, lakini anza mapema. Chanjo ya kichaa cha mbwa, chipu ya utambulisho chini ya ngozi na vibali vya nchi zote mbili vina mpangilio wa tarehe, kimoja kinafuata kingine, na ukikosea mpangilio unarudia. Mtafute daktari wa huko akupe orodha kwa maandishi. Akikubali, mwombe ampige mkia picha ya eksirei siku ile ile ya chanjo. Pingili iliyoumbika kama kabari inaonekana wazi, na haina alama ya mfupa uliovunjika ukaunga.

Kisha kwenye kitabu chake cha afya, pale panapoandikwa alama za mwili, aandike: mkia umekunjika ncha tangu kuzaliwa, macho makengeza tangu kuzaliwa, rangi hukolea kwenye baridi. Kitabu hicho kikifika Arusha kabla ya maneno yako, daktari atakayempokea hatahangaika na mkia wake, na hatakuuliza kwa nini paka aliyeshuka kwenye ndege akiwa mweupe, baada ya miezi sita amekuja kliniki akiwa kahawia.